Sweta jembamba la sufu: weka mkasi kando

SWALI: Shikamooni. Nimepata kwenye belo sweta jepesi la sufu ya merino, lebo inasema geji 30. Fundi anataka kulikata ubavuni na kupitisha ovaloki ili linikae. Kiwikoni kuna kitundu kimeanza kufumuka mstari. Nifanyeje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Usikubali likatwe! Litazame kwanza kwapani. Ukiona vialama vidogo vimejipanga sambamba na mshono, hapo vitanzi vya uzi vinavyofanya ufumaji vilihamishwa kuelekea ndani ili kipande cha sweta kipungue bila mkasi, na kila ukingo umejifunga mashineni. Ufumaji huu wa mashine ni wa zamani: William Lee wa Calverton, Uingereza, alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Mwaka 1864 William Cotton akapata hataza ya mashine iliyofuma na kupunguza vipande kadhaa kwa pamoja. Geji ni kipimo cha jinsi sindano zilivyosongamana; kwenye mashine za Cotton, geji 30 ni sindano 30 katika inchi moja na nusu, yaani 20 kwa inchi. Ukosi nao huungwa kwa kuvisha kitanzi kimoja kimoja kwenye meno ya mashine ya duara. Kikirukwa kimoja, patafumuka hapo.

Mkasi utakata mamia ya vitanzi hivyo. Ovaloki itavishika, lakini mshono utakuwa mnene, na ufumaji ukivutwa chini ya mguu wa mashine ubavu utapiga mawimbi. Kama linakupwaya, mshono uingizwe ndani kwa mkono, sentimita moja kila upande. Ukizidisha, uvimbe utaonekana.

Kitundu kishughulikie leo, maana vitanzi hushikiliana na mstari hurefuka kila unapolivaa. Pitisha uzi kwenye kitanzi cha mwisho kilicho wazi ili kisiendelee kukimbia. Tandaza kiwiko juu ya kitu kigumu, bila kukivuta. Kwa kroshia ya chuma isiyozidi milimita 0.6, ingia kwenye kitanzi hicho kutoka mbele, nasa uzi uliolala juu yake, uvute upite ndani. Panda hivyo hivyo hadi juu. Ukiruka uzi mmoja, mfereji utabaki. Kitanzi cha mwisho kishone kwa jirani yake, kwa uzi wa sufu wa rangi ileile. Uzi wa cherehani wa poliesta ni mgumu mno, utakata sufu.

SWALI: Sweta langu la sufu lilifuliwa kwa maji moto na sabuni ya mche, sasa linamtosha mtoto. Litarudi?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Pole, halitarudi. Unywele wa sufu una magamba. Joto, magadi ya sabuni na kusugua huyafanya yashikane moja kwa moja. Mpe mtoto alivae wakati wa kusi. Lingine lifue kwa maji ya baridi na shampuu kidogo, ulibonyeze tu. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, lizungushie taulo ulikamue, kisha lilaze kivulini. Ukilitundika, uzito wa maji utarefusha mikono. Kabla ya kulihifadhi, hakikisha halina jasho wala mafuta, kwani viwavi wa nondo huanzia hapo.