Moyes alistahili kufukuzwa, hakustahili kubebeshwa yote

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilitutaka tumtaje kocha aliyeshindwa katika klabu tunayoishabikia, kisha tueleze iwapo, baada ya miaka kupita, tunaona lawama alizopewa zilikuwa za haki. Mimi ni shabiki wa Manchester United, klabu ambayo tangu mwaka 2013 imebadilisha makocha wa kutosha kujaza ukurasa wenu wote, lakini nitamzungumzia mmoja tu, David Moyes, kwa kuwa ndiye anayesemwa zaidi na kuchunguzwa kidogo. Kwa maoni yangu sisi mashabiki tulichanganya mambo mawili katika kesi yake: tulimhukumu kwa kazi yake, na hapo hatukukosea sana, kisha tukambebesha kila kilichoiharibu klabu kabla yake na baada yake, na hapo tulimwonea.

Nianze na hali aliyoikuta. Sir Alex Ferguson alitangaza kustaafu tarehe 8 Mei 2013, na kesho yake klabu ikamtaja Moyes, Mskoti mwenzake aliyekuwa ameinoa Everton kwa miaka 11, kuwa mrithi wake kwa mkataba wa miaka sita. Siku chache baadaye, katika mechi ya mwisho ya Ferguson pale Old Trafford dhidi ya Swansea, mzee alichukua kipaza sauti akatuomba tusimame na kocha mpya kama tulivyosimama naye katika nyakati zake mbaya. Mashabiki wa jukwaa la Stretford End wakatundika bango lenye picha ya Moyes lililomwita Mteule. Tulimpokea kwa imani ya mgeni njoo mwenyeji apone, ilhali mwenyeji mwenyewe hakuwa amekiri kwamba anaumwa.

Dalili zilikuwepo, lakini zilifunikwa na kombe. United ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa 20 kwa pointi 89, pointi 11 mbele ya Manchester City, na kwa sababu hiyo wengi tuliamini kwamba kikosi kile kilikuwa bora kuliko vyote Uingereza. Ukikitazama leo bila mapenzi unaona jambo jingine. Robin van Persie, aliyefunga mabao 26 ya ligi msimu ule, alikuwa anatimiza miaka 30 na mwili wake ulikuwa umezoea majeraha. Rio Ferdinand alikuwa anakaribia miaka 35, Nemanja Vidić na Patrice Evra walikuwa wamepita 30, Ryan Giggs alifikisha miaka 40 Novemba ya mwaka uleule, na Paul Scholes alikuwa ameshatundika daluga. Eneo la kiungo lilikuwa limeachwa kwa miaka kadhaa bila mchezaji wa hadhi ya wale waliotangulia, na Ferguson aliliendesha kwa ujanja wake, kwa kuwatisha wapinzani na kwa kujua ni lini amtoe nani benchi. Ujanja huo haukuwa umeandikwa mahali popote ili mrithi ausome.

Zaidi ya hapo, aliyeondoka kiangazi kile hakuwa Ferguson peke yake. David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa akifanya naye mazungumzo ya usajili kwa miaka mingi, aliondoka pamoja naye, na nafasi yake ikachukuliwa na Ed Woodward, mtu aliyetoka katika kazi za benki, hodari wa kutafuta wadhamini lakini mgeni kabisa katika soko la wachezaji. Klabu ikawa na kocha mpya na bosi mpya kwa wakati mmoja, wala haikuwa na mkurugenzi wa soka wa kuwashika mkono wote wawili. Cheo hicho kilikuja kuundwa Machi 2021, alipoteuliwa John Murtough, yaani karibu miaka minane baada ya Ferguson kuondoka. Nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lipi, nitataja hilo kabla ya kutaja jina la kocha yeyote.

Dirisha la usajili la mwaka 2013 lilionyesha pengo hilo waziwazi. Viungo tuliowataka hawakuja: Thiago Alcântara akaenda Bayern Munich, Cesc Fàbregas akabaki Barcelona, Woodward akauacha msafara wa timu nchini Australia kwa kile kilichoelezwa kuwa shughuli za haraka za usajili, nasi tukakesha tukisubiri jina kubwa ambalo halikuja. Mwishowe, katika saa za mwisho za dirisha, akaletwa Marouane Fellaini kutoka Everton kwa pauni milioni 27.5, wakati kipengele katika mkataba wake kingeruhusu anunuliwe kwa takribani pauni milioni 4 pungufu kama klabu ingekamilisha jambo hilo kabla ya mwisho wa Julai. Hapa siwezi kumsafisha Moyes. Fellaini alikuwa mchezaji wake kwa miaka mitano, alimjua yeye na mkataba wake, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na sababu ndogo kuliko yake ya kuchelewa kuamua. Mchezaji wa watu huyo akazomewa kwa miezi mingi kwa kosa la waliomnunua.

Kosa ambalo ni la Moyes peke yake, na ambalo kwangu ndilo lililomponza, ni kulivunja benchi la ufundi. Mike Phelan, René Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele, watu waliokuwa wakiendesha mazoezi ya kila siku ya timu iliyotoka kuwa bingwa, waliondoka, na mahali pao wakaletwa Steve Round, Jimmy Lumsden na Chris Woods kutoka Everton, wakiongezewa Phil Neville, na Giggs akapewa ukocha huku akiendelea kucheza. Naelewa kwamba kocha anataka watu anaowaamini. Lakini mtu anayeingia katika chumba chenye wachezaji waliobeba Kombe la Ulaya, huku yeye mwenyewe hajawahi kubeba kombe lolote kubwa, alihitaji angalau mtu mmoja wa kumwambia jinsi mambo yalivyokuwa yakifanyika pale na kwa nini. Aliwaondoa wote waliojua, akabaki na waliomjua yeye.

Malipo yake yalifika tarehe 9 Februari 2014, na nadhani hakuna mechi inayoeleza msimu ule vizuri kuliko hiyo. Fulham walikuja Old Trafford wakiwa mkiani mwa ligi, na kocha wao siku hiyo alikuwa Meulensteen, yuleyule aliyeondoka miezi michache kabla. United ilipiga krosi zaidi ya 80. Mpira ulikwenda pembeni, ukarudishwa ndani, ukapigwa kichwa na beki, ukaenda tena pembeni, hadi sisi tuliokuwa tumebanana katika vibanda umiza tukaanza kuzihesabu kwa sauti kwa kejeli. Fulham wakasawazisha dakika za nyongeza, ikawa 2-2. Kiungo Juan Mata alikuwa uwanjani, aliyesajiliwa wiki mbili tu kabla kwa pauni milioni 37.1, rekodi ya klabu, na ni mchezaji anayependa kupokea mpira katikati na kupenyeza pasi. Akapangwa pembeni.

Matokeo ya nyumbani ndiyo yaliyoua heshima. Katika ligi pekee Moyes alipoteza mechi sita Old Trafford, kwa West Bromwich Albion, Everton, Newcastle, Tottenham, Liverpool na Manchester City, na baadhi ya vipigo hivyo vilifufua takwimu zilizokuwa zimelala: Everton hawakuwa wameshinda pale tangu mwaka 1992, Newcastle tangu 1972. Kipigo cha Everton kilikuwa na kejeli yake, kwa kuwa katika miaka yake yote 11 Moyes hakuwahi kuiongoza klabu hiyo kushinda mechi ya ligi ugenini dhidi ya United, Arsenal, Chelsea wala Liverpool. Aliyekuja kushinda pale kwa Everton, Roberto Martínez, alifanya hivyo takribani miezi sita baada ya kurithi kiti chake.

Hata hivyo, kwa mashabiki wa huku kwetu, nafikiri maneno yake yaliuma kuliko mabao. Mwanzoni mwa msimu alilalamikia ratiba iliyompangia Chelsea, Liverpool na City katika mechi tano za kwanza. Kabla ya Liverpool kuja Old Trafford mwezi Machi alikiri kwamba huenda wao ndio waliopewa nafasi kubwa ya kushinda, nao wakaja wakashinda 3-0. Siku tisa baadaye City nao wakashinda 3-0 palepale, naye akasema hicho ndicho kiwango ambacho United inapaswa kujaribu kukifikia. Pengine alikuwa anasema kweli tupu. Lakini shabiki ambaye Jumatatu asubuhi lazima apite mbele ya watani wa Arsenal na Liverpool kazini, kijiweni na kwenye daladala, anahitaji kocha anayemwachia la kujibu. Ferguson alikuwa akitukinga kwa maneno hata siku ambazo timu ilicheza ovyo. Moyes alizungumza kama kocha wa timu ndogo iliyoalikwa kwenye mashindano makubwa, na wachezaji wake walikuwa wakisikiliza pia.

Haki inanitaka nitaje yaliyosahaulika. Timu yake iliifunga Bayer Leverkusen 5-0 ugenini, ikaongoza kundi lake la Ligi ya Mabingwa bila kupoteza mechi, ikapindua kipigo cha 2-0 cha Olympiacos kwa mabao matatu ya van Persie, ikaishia robo fainali mbele ya Bayern. Adnan Januzaj alipata nafasi akiwa kijana wa miaka 18. Kwa jumla Moyes alisimamia mechi 51, akashinda 27, akatoka sare 9 na kupoteza 15. Hizo si takwimu za mtu asiyejua mpira.

Alifukuzwa tarehe 22 Aprili 2014, siku mbili baada ya kufungwa 2-0 na Everton pale Goodison Park, kipigo kilichofuta hesabu za kurudi Ligi ya Mabingwa. Habari zilikuwa zimeshazagaa katika vyombo vya habari siku moja kabla ya tangazo rasmi, jambo ambalo hata sisi tuliotaka aondoke tuliliona la aibu kwa klabu iliyokuwa ikijivunia ustaarabu wake. Giggs akamalizia mechi nne, timu ikashika nafasi ya saba kwa pointi 64, na msimu uliofuata haikucheza mashindano yoyote ya Ulaya kwa mara ya kwanza tangu 1989/90.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba angepewa muda angefanikiwa, na kila mara hutolewa mfano wa Ferguson, aliyefika Novemba 1986 na kusubiri hadi 1990 kupata kombe lake la kwanza. Mfano huo siukubali. Katika miaka ile ya ukame Ferguson alikuwa anajenga kitu kinachoonekana: alipanua mtandao wa kusaka vipaji vya vijana, akavunja kikosi cha wanywaji, akaweka nidhamu mpya. Kwa Moyes, hadi Aprili sikuona kikosi chake cha kwanza ni kipi, wala timu ilikuwa inajaribu kucheza mpira wa aina gani. Muda husaidia kitu kilichokwisha kuanzishwa.

Wapo pia, na hawa wameongezeka, wanaosema afadhali Moyes. Msemo huu ulianza kama utani kila kocha aliyemfuata alipoyumba, ukapata nguvu timu ilipomaliza ya nane chini ya Erik ten Hag mwaka 2024, kisha ya 15 kwa pointi 42 chini ya Rúben Amorim mwaka 2025. Msimu huohuo wa 2024/25 Moyes, aliyerudi Everton mwezi Januari akiikuta karibu na eneo la kushuka daraja, alimaliza wa 13, juu yetu. Kabla ya hapo alikuwa ameipa West Ham kombe la Europa Conference League mwaka 2023, kwa kuifunga Fiorentina 2-1 mjini Prague. Namfurahia kwa hayo, na nilifurahi kwa dhati siku ile ya Prague. Lakini hayo yanathibitisha kwamba ni kocha mzuri wa klabu zinazofanana na tabia yake, zenye subira, zenye matarajio ya kadiri, zinazojilinda kwanza. Hayathibitishi kwamba United ya 2014 ingefika popote mikononi mwake.

Wala nafasi ya 15 haikutoka kwake. Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Ralf Rangnick, Ten Hag na Amorim walipita katika benchi lilelile, karibu kila mmoja akanunuliwa wachezaji wa aina yake, kisha akaondoka akamwachia mwenzake wachezaji asiowahitaji. Machi 2014, siku ya mechi dhidi ya Aston Villa, baadhi ya mashabiki walikodi ndege iliyopita juu ya uwanja ikivuta bango la kumtaka Moyes aondoke. Laiti wangengoja kidogo na kubadilisha jina lililoandikwa humo, likawa la familia ya Glazer, iliyoinunua klabu mwaka 2005 kwa mikopo na kuibebesha klabu yenyewe madeni hayo, basi pesa yao ya kukodi ndege ingekuwa imetumika vizuri zaidi.