Kufungua mafaili ya nyumbani ukiwa safarini, kwa laini ya simu: jibu kwa mdau wa Ilazo

Mkuu, umesema una boksi la NAS (hifadhi ya mafaili inayofikiwa kwa mtandao) lenye diski mbili hapo Ilazo, Dodoma, linatumia intaneti ya rauta ya 4G yenye laini ya kawaida, na ukiwa kazini Singida unataka kufungua mafaili yako. Umefungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye rauta, umeweka na jina la bure la DDNS (jina linaloifuata anwani yako hata ikibadilika), bado haliingiliki. Waliokushauri ununue rauta nyingine watakutia hasara tu. Rauta yako haina tatizo.

Fanya hivi kwanza. Ingia kwenye ukurasa wa rauta uangalie anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kwenye intaneti) iliyopewa na mtandao. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako. Zikitofautiana, umeshapata jibu. Mara nyingi ile ya kwenye rauta huanza na 10, au huangukia kati ya 100.64 na 100.127. Fungu hilo la pili lilitengwa mwaka 2012 mahsusi ili kampuni za mtandao ziweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa sababu anwani za IPv4, yaani za mfumo wa zamani wa IP, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na hazitoshi. Utaratibu huo unaitwa CGNAT. Wewe umefungua mlango wa chumba chako, lakini funguo za geti la jengo anazo mwenye jengo, yaani kampuni ya mtandao, na kwa kawaida hakufungulii wewe peke yako.

Kwa hiyo kwenye laini ya simu usihangaike kuingia kutoka nje. Acha boksi la nyumbani lenyewe litoke, lishike mawasiliano na sehemu fulani huko nje, na wewe ulikute hapo. Njia zote nitakazokutajia hapa zimejengwa juu ya wazo hilo moja.

Na hata ungekuwa na IP ya wazi, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka nje, ningekuomba usifungue poti ya NAS kwa dunia nzima. Januari 2022 virusi vya DeadBolt viliyavamia maboksi ya NAS ya kampuni ya QNAP yaliyokuwa yameachwa wazi kwenye intaneti, vikafunga mafaili ya watu na kudai malipo ya Bitcoin. Picha za watoto, nyaraka za ofisi, vyote vilifungwa. Mtu asikwambie kwamba paswedi ndefu inatosha.

Mimi napiga picha na video za harusi na semina, boksi langu liko Nkuhungu, na natumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako popote vilipo. Imejengwa juu ya WireGuard, teknolojia ya VPN (njia binafsi iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti), ina kiwango cha bure kinachomtosha mtu binafsi, na unaiweka kwenye NAS, simu na laptop kwa akaunti moja. Kila kifaa kinapewa anwani yake ya ndani inayoanza na 100 (usiichanganye na ile ya CGNAT), na anwani hiyo haibadiliki uwe Manyoni au Dar. Programu hujaribu kuviunganisha vifaa viwili moja kwa moja. Pande zote mbili zikiwa kwenye laini za simu mara nyingi hilo hushindikana, na data hupitia seva yao ya kati. Kasi inashuka, lakini data inabaki imefungwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo seva haiwezi kuisoma. Kuna jambo moja watu wengi hawalioni: kwa kawaida ufunguo wa kila kifaa huisha baada ya siku 180. Ingia kwenye akaunti uzime muda huo kwa boksi la nyumbani, la sivyo siku moja litatoka hewani na wewe uko mbali.

Boksi la kampuni ya Synology lina huduma yake ya QuickConnect, nayo inapenya CGNAT. Ukipenda kusimamia kila kitu mwenyewe, kodi seva ndogo yenye IP ya wazi kwa dola chache kwa mwezi, weka WireGuard, na boksi na simu yako vyote viunganishwe hapo. Kwenye boksi weka mpangilio wa PersistentKeepalive wa sekunde 25 ili mtandao wa simu usikate njia kwa kuona kimya. Mawasiliano hayo ya kushikilia njia hayafiki hata MB 1 kwa siku.

Sasa tuje kwenye kinachoumiza zaidi, yaani kasi ya kupakia. Ukiwa Singida unashusha, lakini nyumbani rauta inapakia, na kwenye 4G upande huo ndio dhaifu. Tuseme nyumbani unapata Mbps 4 (megabiti 4 kwa sekunde, na biti nane ndiyo baiti moja) za kupakia. Picha ya MB 9 itakufikia kwa sekunde kama 18. Video za harusi za GB 20 zitachukua zaidi ya saa 11. Tena bando linaliwa mara mbili, la nyumbani na la simu uliyoshika. Hesabu hiyo ndiyo ikuongoze nini kisafiri na nini kisubiri.

Nilikuwa Kondoa, mteja akapiga, anataka picha moja tu ya bibi harusi na mama yake, ikachapwe jioni hiyo. Ningefungua folda hiyo kwenye laptop kama diski ya kawaida ya Windows, ingeanza kusoma faili moja moja ili ichore vijipicha, na mafaili ghafi ya kamera ni makubwa. Badala yake nilitumia programu ya picha ya boksi lenyewe kwenye simu. Vijipicha vilishatengenezwa nyumbani na ni vidogo sana, nikapitisha kidole mpaka nikaiona, mama ameshika ncha ya shela, nikashusha JPEG hiyo moja na kumtumia. Kwa hiyo acha boksi litengeneze vijipicha usiku ukiwa nyumbani. Nyaraka unazofanyia kazi kila siku ziweke kwenye Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili kati ya vifaa, zikae pia kwenye laptop na mabadiliko tu ndiyo yasafiri.

Umeme ukikatika, boksi lisizimike ghafla. Nunua UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB, uunganishe na NAS ili ijizime yenyewe kwa utaratibu, na uwashe mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi. Rauta iwe kwenye UPS hiyohiyo. Vumbi la kiangazi hapa kwetu unalijua, futa matundu ya feni. Bando la rauta likiisha ukiwa safarini, linunue kutoka kwenye simu yako kwa kuweka namba ya laini ile, kwa hiyo namba hiyo iandike mahali.

Kuhusu sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo likiwataka watu binafsi na kampuni wanaotumia VPN watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tailscale na WireGuard ni VPN, hata kama unafungua mafaili yako mwenyewe tu. Lisome tangazo hilo na uwaulize TCRA wenyewe, maana mimi si mwanasheria na wewe unatumia hii kwa kazi.

Kabla hujaondoka, zima Wi-Fi ya simu ukiwa hapohapo Ilazo, washa data ya laini nyingine, na ujaribu kufungua faili moja. Kisha chomoa UPS ukutani ukiwa umesimama karibu, subiri boksi lijizime, urudishe, uone kama linarudi hewani bila wewe kuligusa. Likigoma, weka hapa aina ya boksi na namba mbili za mwanzo tu za ile IP ya kwenye rauta, nitakuelekeza.