Usizibe tundu la kipimo, hata akikuambia mtaalamu

Ndugu mleta uzi, umeuliza utumie mlinganyo upi kukadiria nguvu ya misuli ya kupumulia kwa watoto wenye afya wa shule za msingi Dodoma, uchukue watoto wangapi na programu gani ya takwimu, kisha ukadokeza kwamba aliyekuuzia kipimo cha shinikizo la pumzi mdomoni amekushauri uzibe kwa plasta tundu dogo lililo karibu na kipande cha mdomoni kwa kuwa "linavujisha". Bandua plasta hiyo leo.

Tundu hilo, lenye kipenyo cha milimita 2 hivi, limewekwa kwa makusudi. Mtoto anapovuta pumzi kwa nguvu zote huku njia imezibwa, anaweza kufunga koo akanyonya kwa mashavu tu, kama anyonyavyo ubuyu, na mashavu hayo peke yake yakatoa shinikizo kubwa ajabu. Hewa kidogo ikipenya tunduni, hila hiyo huisha mara moja, na wanaobaki kazini ni kifua na kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo na mtu aliyejiita mtaalamu wa vifaa, mwenye koti jeupe kuliko langu, nami nikaziba. Mlinganyo wa Wilson na wenzake, watafiti wa Uingereza, wa mwaka 1984 unamkadiria mvulana wa kilo 24 shinikizo la sentimita 62.5 za maji anapovuta pumzi kwa nguvu zote, yaani 44.5 kujumlisha 0.75 mara uzito wake. Wavulana wetu wa Hombolo, hapahapa Dodoma, wa uzito huohuo wakawa wanapita 100 bila jasho. Nilishaanza kuandika kwamba mlinganyo wa Uingereza haufai huku, na nikausifu ugali wa uwele kwa aya nzima. Kumbe nilikuwa nimepima mashavu. Data zote zilitupwa, ridhaa za wazazi zikaombwa upya fedha zikiwa zimekwisha, na bwana yule hapokei simu hadi leo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mlinganyo wowote, soma walioutunga walipimaje: kipande cha mdomoni kilikuwa cha aina gani, pua ilibanwa au la, mtoto alianza mapafu yakiwa matupu kiasi gani, na walichukua kilele cha shinikizo au wastani wake wa sekunde moja, kisha upime vivyo hivyo. Ukifika shuleni, chungulia tundu kabla ya kila mtoto, maana mate na vumbi la Dodoma huliziba bila kusubiri ushauri wa mtaalamu.