Muulize Bwana Afya: Kabla ya Kuwasha Jiko, Fungua Bomba

SWALI: Shikamoo Bwana Afya. Mgahawa wangu ulifungwa tangu ilipotoka amri ya watu kubaki majumbani kwa ajili ya korona. Sasa tumeruhusiwa kufungua kwa nusu ya viti. Nimenunua vitakasa mikono, kipimajoto cha paji la uso na stika za kubandika sakafuni ili wateja wasisogeleane. Nimesahau nini? – Mwenye Mgahawa

JIBU: Marahaba. Vyote ulivyonunua ni vya kuonekana na mteja, ndiyo maana ukavikumbuka. Mimi nimestaafu baada ya kukagua majiko ya watu miaka mingi, na nikiingia mahali palipofungwa kwa muda mrefu naanzia kwenye bomba la mwisho kabisa, lile ambalo hata wafanyakazi hawalitumii.

Maji yakilala bombani, klorini hupungua, na yakiwa kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi bakteria wa Legionella huzaliana. Ndio hao walioua watu kwa nimonia mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, kwenye mkutano wa wanajeshi wa zamani hotelini. Mtu huwapata hasa kwa kuvuta matone madogo ya maji yanayorushwa hewani. Basi fungua madirisha kwanza, kisha bomba moja moja, taratibu, maji yasiruke. Yaache yatiririke mpaka yale ya zamani yaishe. Hita ya maji ipandishe hadi nyuzi 60. Barafu iliyokuwa ndani ya mashine imwage, na ile ya mwanzo itakayotengenezwa imwage pia. Mashine ya kahawa ipitishe maji mapya kabla hujampa mtu kikombe.

Mimina maji katika kila tundu la sakafuni na kila sinki. Ile kona iliyopinda chini ya sinki hushika maji yanayozuia harufu ya maji taka. Ikikauka, mende nao hupata njia. Na kama umeme ulikatika friza ikiwa na nyama, usiinuse ili kuamua. Najua inauma. Tupa.

Sasa hewa, na hapa ndipo ningetumia fedha zako. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, familia tatu zilikaa meza jirani ghorofani, mahali pasipo na dirisha. Kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa ileile. Watu kumi wa familia hizo waliambukizwa korona, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyepata. Mkaguzi wako atahesabu viti kwa sababu viti ni rahisi kuhesabika, lakini ukumbi uliofungwa wenye nusu ya wateja unaweza kuwa hatari kuliko ua wazi uliojaa.

Kwa hiyo fungua pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Feni iweke dirishani itoe hewa nje. Ikielekezwa mezani inapeleka pumzi ya huyu kwa yule. Ukiweza, nunua kipimo cha kaboni dioksaidi. Hewa ya nje ina sehemu mia nne na kitu katika kila milioni. Ndani ikipita 800, wateja wanavutiana pumzi. Kipimajoto chako sikikatazi, ila mtu anaweza kuambukiza wenzake bila kuwa na homa hata kidogo.

SWALI: Nauza nguo. Bosi ameagiza kila nguo iliyojaribiwa itengwe saa 72, na tunapangusa rafu kutwa nzima. Mikono yangu imebabuka kwa dawa. Ni lazima? – Muuzaji

JIBU: Pole, dada. Hizo saa 72 zilitoka katika majaribio ya maabara ya mwaka 2020, ambako virusi vya korona viliwekwa kwenye plastiki na chuma cha pua na vikaonekana bado vikiwa hai mpaka siku ya tatu. Nguo haikuwa mojawapo ya vitu vilivyopimwa! Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida haufiki mmoja kati ya 10,000. Mwambie bosi kwa upole: mteja anawe mikono akiingia, rafu zisafishwe kama zilivyosafishwa siku zote, na nguvu iliyobaki iende kwenye vyumba vya kujaribia. Ni vidogo, havina hewa, na watu wanavua barakoa humo ili kupitisha nguo kichwani. Weka pazia lisilofika juu, na ruhusu mtu mmoja mmoja. Mikono yako ipake mafuta usiku, na umwombe bosi glavu za kupangusia.

SWALI: Tumefunguliwa rasmi. Nirudishe meza zote leo? – Mwenye Haraka

JIBU: Wakati wa janga la mafua, watu wa San Francisco, Marekani, walivua barakoa Novemba 1918, wakishangilia barabarani, Januari 1919 amri ya kuzivaa ikarudi. Rudisha chache, zilizo karibu na madirisha. Zilizobaki ziweke stoo, usiziuze, na kama ulikodi uwanja wa nje wa kuweka meza, mkataba wake usiuvunje bado.