Maswali ya Wasomaji: Toroli la vitabu katika picha ya Hogarth

SWALI: Nafundisha sanaa sekondari hapa Mtwara. Nina nakala ya picha aliyoichapa mchoraji Mwingereza William Hogarth mwaka 1724 kukejeli burudani za watu wa London. Wanafunzi wangu wanaona umati tu. Nianzie wapi? Na je, tunaweza kuchapa kibonzo chetu kwa njia ile?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Mwalimu, anzia katikati, chini. Mwanamke anasukuma toroli la vitabu vya Shakespeare, Dryden na Congreve, waandishi wakubwa wa tamthilia wa Uingereza, akivinadi kama karatasi chakavu za madukani, mithili ya karatasi za daftari zinazofungiwa korosho hapo stendi. Mwanafunzi akishaliona toroli, umati unapata maana. Kushoto, shetani na mpumbavu mwenye kofia ya kengele wanawaongoza watu kwenye dansi la barakoa la Heidegger, mwandaaji wa dansi hizo London. (Waeleze kuwa si kama mapiko, ngoma ya barakoa ya Wamakonde: hapa hakuna jando, ni kiingilio na kuficha uso.) Juu limetundikwa turubai: mabwana wakubwa wamepiga magoti wakimpa Francesca Cuzzoni, mwimbaji wa opera kutoka Italia, pauni 8,000, naye anazivuta kwa reki. Kulia, wengine wanasongamana kwenye mchezo bubu wa Faustus, msomi wa hadithi aliyemuuzia shetani roho yake.

Picha iliuzwa shilingi 1. Wezi wakainakili na kuiuza nusu bei. Hogarth alipigania haki hadi ikapatikana sheria ya 1735, iliyowalinda wachoraji kwa miaka 14.

Kuhusu kuchapa: bamba la shaba hupakwa nta, mistari ikachorwa kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali huila. Wino hukaa ndani ya mifereji, uso hufutwa, na karatasi yenye unyevu hubanwa kwa rola. Karatasi kavu haizami mferejini, mistari hutoka imekatika. Shaba yenye mafuta ya vidole haishiki nta, na tindikali hupenya pasipochorwa.

Darasani acheni tindikali. Chukueni soli ya ndala, isugueni kwa msasa mpaka iwe laini, mchonge kwa wembe kina cha milimita 2 hivi. Hapa ni kinyume cha shaba: palipochongwa hubaki peupe, palipobaki juu ndipo hushika wino, kwa hiyo mwenye mkono wa uchongaji wa Kimakonde atalielewa upesi. Wino upakwe mwembamba. Ukiwa mzito huziba mikato. Lazeni karatasi juu, msugue kwa mgongo wa kijiko.

Maandishi ndiyo huwashinda wengi, kwani hutoka kinyumenyume. Andikeni kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, muilaze kifudifudi juu ya soli na kusugua. Herufi zitahamia zikiwa zimegeuka. Zichongeni hivyo hivyo, zikichapwa zitasomeka.