Re: Kijana amepinda shingo baada ya dawa za malaria

Pole sana dada. Umeuliza kama dawa za malaria ndizo zilizompinda kijana shingo na kumgeuza macho juu, maana majirani hapo Kisauni washaanza kutaja jini. Si jini. Mpwa wangu, Likoni, alipatwa vivyo hivyo: taya limekaza, ulimi watoka wenyewe, na akili timamu, atusikia sote huku machozi yamtoka.

Tazama bahasha za dawa. Mara nyingi chanzo si ile AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) ya siku 3, bali dawa ya kuzuia kutapika inayopewa pamoja nayo, metoklopramidi. Huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza misuli, na watoto na vijana ndio huathirika zaidi, hasa siku mbili za mwanzo. Amodiakwini, dawa nyingine ya malaria, nayo yaweza kuleta hali hii.

Hiyo ya kuzuia kutapika usimpe tena. AL usiikatishe mpaka daktari aseme. Mrudishe hospitali leo na bahasha zote mkononi. Mpwa wangu alidungwa sindano moja, nusu saa haikuisha shingo ikalegea. Lakini lazima apimwe, kwani pepopunda na malaria iliyopanda kichwani pia hukakamaza mwili. Akipoteza fahamu au kupata degedege, mkimbizeni hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane.