Kuzima na kuwasha SIM800L kwa Arduino: kata chanya, hasi iache

Mkuu wa Njombe, swali lako nimelisoma na majibu ya wadau nimeyaona, nimeona niandike kirefu kidogo maana kazi za namna hii zinaletwa sana hapa kwangu Mbeya, za vifaranga, za stoo, za matenki ya maji, na ugonjwa wao karibu wote ni mmoja.

Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana stoo ya viazi, kafunga Arduino Pro Mini ya 3.3V (kibodi kidogo unachokiandikia programu), sensa ya DHT22 na SIM800L (moduli ya laini ya simu), inamtumia meseji ya joto na unyevu kila baada ya saa sita. Betri ni za lithiamu aina ya 18650 mbili, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, na kisola kidogo juu ya bati. Ukungu ukikaza betri inakata kabla wiki haijaisha. Anauliza kama anaweza kuunga chanya ya SIM800L kwenye pini 7 ya Arduino ili iiwashe wakati wa kutuma tu. Mdau mmoja kamwambia relei (swichi inayovutwa na koili), mwingine kamwambia mosfeti ya IRFZ44N (transista inayotumika kama swichi) upande wa hasi.

Wazo la kuizima uko sahihi kabisa. SIM800L ikishashika mtandao ikakaa tu inakula kama miliampia 20, zidisha kwa saa 24 unapata miliampia-saa 480 kwa siku, na hapo hujatuma hata meseji moja, na mtandao ukiwa hafifu kama huko mabondeni inakula zaidi maana inahangaika kutafuta mnara. Sasa ukiiwasha dakika moja tu kila baada ya saa sita, hata tuseme wastani wa miliampia 100 kwa hiyo dakika, siku nzima haifiki 7. Hapo sola yako hata ikikosa jua wiki nzima husikii kitu.

Ila pini 7 sahau. Pini ya ATmega328P, chipu ya hiyo Arduino, inatakiwa itoe miliampia 20, mwisho wake kabisa 40, na SIM800L wakati inarusha mawimbi inavuta mpaka ampia 2 kwa vipindi vifupi vifupi. Pia inataka volti kati ya 3.4 na 4.4 na pini yako inatoa 3.3. Haitawaka, na pini unaweza kuiaga. Hiyo DHT22 sasa ndo unaweza kuilisha kwa pini moja kwa moja, inakula miliampia moja na kitu tu, iwashe, subiri sekunde mbili, soma, zima.

Relei inafanya kazi sikatai, ila koili ya relei ndogo ya volti 5 inakula karibu miliampia 70 muda wote imeshika, na wewe huna hata hizo volti 5, una betri ya 3.7. Relei tuwaachie wenye pampu na taa za umeme wa ukutani.

Sasa IRFZ44N. Kwanza ile mosfeti inataka kama volti 10 kwenye geti (mguu wa kuiamrisha) ndo ifunguke vizuri, ukiipa 3.3 inafunguka nusu au haifunguki kabisa, ni bora hata IRLZ44N. Lakini hata ungepata ya volti ndogo tatizo liko pale pale, kukata hasi kwenye kitu chenye waya za data ni kujitafutia kesi. Umekata hasi, chanya bado ipo kwenye moduli, na waya za RX na TX (za kupokea na kutuma data) bado zimeshikana na Arduino ambayo ina hasi yake, basi umeme unarudi kupitia humo humo kwenye waya za data. Unadhani umezima kumbe hujazima.

Kuna jamaa wa Makete aliniletea ya kwake, kakata hasi hivyo hivyo, analalamika kwamba programu inazima moduli lakini betri inaisha kama zamani. Nikaizima nikaifunika kwa kiganja kuzuia mwanga, kale kataa ka kwenye moduli kanawaka kwa mbali, kekundu kafifu kama kijinga cha kuni kinachozimika. Nikang'oa waya wa RX, kakafa hapo hapo. Programu yake haikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo unakata chanya, kwa mosfeti ya P (P-channel, ya kukatia upande wa chanya). Mimi natumia AO3401, ni kadogo kale ka miguu mitatu, bei yake ni ya kawaida tu, Kariakoo zipo na mzigo unapanda basi asubuhi yake unao. Ukiwa mbali na maduka fungua bodi za laptop za zamani, pale karibu na tundu la chaja kuna mosfeti za P za miguu minane mfano AO4407, ila hizo kwa betri ya 3.7 hazifunguki vizuri sana, ziweke kwenye kazi za volti 5 kwenda juu.

Kufunga: sosi (mguu wa kuingilia umeme) inaenda chanya ya betri, dreni (mguu wa kutokea) inaenda VCC ya SIM800L, yaani chanya yake. Usigeuze, ndani ya mosfeti kuna dayodi, ukigeuza inapitisha umeme muda wote na utabaki unalaumu programu. Kutoka geti kwenda sosi weka resista ya 100k, hiyo ndo inayoifanya ikae imezima yenyewe wakati Arduino ndo kwanza inaanza kuwaka.

Halafu hapa ndo wengi wanakwama, pini ya Arduino usiiunge kwenye geti moja kwa moja. Betri ikijaa ni volti 4.2, pini ikiwa juu ni 3.3, tofauti ni volti 0.9, na AO3401 nyingine zinaanza kufunguka hata kabla ya hapo. Maana yake ukiwa unasema zima yenyewe inavujisha. Weka transista ndogo ya NPN katikati, BC547 au 2N2222, yoyote iliyopo kwenye kopo lako. Emita kwenye hasi, kolekta kwenye geti kupitia 10k, beisi kwenye pini 7 kupitia 10k nyingine, na 100k kutoka beisi kwenda hasi. Pini ikipanda moduli inawaka, ikishuka inazima, na hata Arduino ikilala usingizi wa ndani kabisa pini inabaki ilivyokuwa.

Kapasita ya 1000uF mnayoambiwa muweke karibu na SIM800L iwekeni, ila iweke upande wa betri kabla ya mosfeti, waya ziwe fupi. Ukiiweka baada ya mosfeti, kila ukiwasha inajazwa kwa mkupuo, volti ya betri inaanguka na Arduino inajirestati, inawasha tena, inajirestati tena, mchezo ndo huo mpaka betri ife. Ukiona bado inajirestati, weka 100nF kati ya geti na sosi, mosfeti itafunguka taratibu.

Kwenye programu mpangilio ni huu: meseji ikienda, tuma AT+CPOWD=1 (amri ya kujizima) moduli iage mtandao vizuri, funga siriali ya programu (njia ya data kati ya Arduino na moduli), pini zote mbili za RX na TX zishushe ziwe sifuri, halafu ndo ushushe pini 7. Siriali ikiwa haina kazi waya wake hukaa juu, usipoushusha hata ukikata chanya kile kiumeme cha kupitia data kinarudi. Faida nyingine ambayo watu hawaisemi, SIM800L ikiganda, na huwa zinaganda, ukiikata umeme kabisa ikawaka upya inarudi kwenye mtandao bila wewe kupanda gari kwenda stoo.

Na Pro Mini yenyewe ilaze. Ondoa taa yake ya pawa na ile regyuleta (ya kushusha volti), zinakula umeme bure, lakini ukiondoa regyuleta usiilishe betri ikijaa 4.2 moja kwa moja kwenye VCC, DHT22 haina neno ila laini ya data ya SIM800L ni ya volti 2.8, sasa itakuwa inapigwa na 4. Weka regyuleta ndogo ya kula kidogo mfano HT7333 au MCP1700. Watchdogi (kipima muda cha ndani ya chipu) inaamsha mwisho kila sekunde 8, hesabu mizunguko mpaka saa sita zitimie. Chipu ikilala hivyo inakula maikroampia chache tu.

Betri zenyewe ukiona zimeandikwa miliampia-saa 9800 usiziamini, 18650 nzuri kabisa inacheza kwenye 3500. Na kama kuna mtu anataka kufunga kitu hiki Kitulo, lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri, kule mwaka ukifika katikati barafu inaganda kwenye majani, ficha betri ndani.

Kupima: usitumie tundu la miliampia la multimita wakati moduli inawaka, fyuzi itaondoka. Unganisha mita na waya wa pembeni unaoiruka, subiri kila kitu kilale, ndo utoe ule waya usome. Halafu pima volti kwenye VCC ya SIM800L ikiwa imezimwa. Ukikuta karibu na sifuri umemaliza kazi, ukikuta 2 na ushee kuna waya bado unalisha, piga picha ya maungio yako uitupie hapa tuione.